Idi ya Leicester: mdogo wangu apange nini?

Mja_wa_Kibokoni: Assalaam aleikum jamani. Mdogo wangu yuko Leicester, Uingereza, kimasomo, na Idi ya Machi itamkuta huko. Anakaa hosteli yenye jiko la pamoja. Apange nini mapema, na nimtumie nini? Mahamri kajaribu, hayakufura.

Mama_Iliki: Waaleikum salaam. Hiyo ni baridi. Mombasa unga unaumuka wenyewe juu ya meza, kule hamira inalala. Atie unga nusu kilo, sukari gramu 100, hamira ya chenga gramu 7, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, na tui vuguvugu kama mililita 250. Tui la kopo ni zito, kwa hivyo alizimue kwa maji kidogo na alitie polepole. Akishakanda, bakuli alifunike, aliweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji yaliyochemka. Maji yakipoa, abadilishe. Asiangalie saa, angoje unga uwe maradufu.

Tena atazame pakiti. Ikiandikwa self-raising, aiache: unga huo umeshatiwa bekin pauda, mahamri yatavunjika na kunywa mafuta. Mafuta nayo yawe moto sawasawa, kipande kikitiwa kiibuke papo hapo. Yasipopata moto hamri halifuri, hata unga ukiwa mzuri vipi.

Abu_Swafwan: Kuhusu siku yenyewe: hakuna Kadhi Mkuu wa kutangazia nchi nzima. Msikiti mmoja hufuata tangazo la mwezi la Saudia, wa pili hufuata Moroko, na mtaa mmoja unaweza kuswali siku mbili tofauti. Achague msikiti wake tangu kufunga, afungue nao. Idi si sikukuu ya serikali kule, basi kama ana mtihani au kazi aombe ruhusa ya siku zote mbili mapema.

Misikiti mingi ya Leicester ni ya madhehebu ya Kihanafi. Sisi Mashafii tumezoea takbira 7 rakaa ya kwanza na 5 ya pili, zote kabla ya kusoma. Wao ni 3 na 3, na za rakaa ya pili huja baada ya kisomo. Hapo ndipo wageni wengi huinama rukuu peke yao! Msikiti mdogo huswalisha jamaa kadhaa kwa zamu asubuhi, aulize saa mapema, na kama ni binti aulize pia kama wanawake wana nafasi.

Zaka ya fitri aitoe huko huko, mahali jua la mwisho wa Ramadhani litakapomzamia, kabla ya swala.

Mja_wa_Kibokoni: Shukran sana. Na udi je? Na halua?

Mama_Iliki: Chetezo cha makaa asithubutu chumbani. Moshi utapigisha king'ora, hosteli nzima itolewe nje na nguo za kulalia, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Mnunulie chetezo cha umeme, udi vipande vidogo, moto wa chini. Hata hicho, asome kwanza masharti ya hosteli, nyingine hazitaki kabisa.

Samli na nyama kavu usitume, maziwa na nyama kutoka huku haziruhusiwi kuingia. Halua muulize muuzaji kama imepikwa kwa samli. Iliki ya soko la Marikiti tuma, ya kule ghali na haina harufu.