Mrejesho: Gari la haibridi nililoomba ushauri wake

Ndugu zangu, mwezi Machi niliuliza iwapo Toyota Aqua iliyotumika, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme inayotumia betri, ingenipunguzia gharama za petroli kati ya Mbezi na Posta hapa Dar es Salaam, au betri yake ingekuja kumeza akiba yote. Nimeinunua. Gari langu la zamani lilikwenda kilomita 10 kwa lita. Hili linakwenda takriban 20, na ajabu ni kwamba linaokoa zaidi kwenye foleni ya Ubungo, ambako injini huzimika na mota ya umeme hulisogeza polepole, kuliko nikienda kasi kuelekea Chalinze. Betri ilinitisha mara moja: tundu la kuipozea, lililo pembeni mwa kiti cha nyuma, lilikuwa limeziba kwa vumbi. Fundi alilisafisha kwa brashi, nami siegemezi tena mizigo hapo.