Mrejesho: jiko letu na mkopo wa nyumba, Tanga

Asanteni sana mlionijibu. Niliuliza tubane vipi matumizi ya jikoni ili tulipe mkopo wa nyumba bila watoto kupunjwa chakula.

Kilichosaidia kuliko vyote ni maharage. Tunayaloweka usiku, asubuhi tunamwaga maji na kuchemsha sufuria nzima kwa mara moja: leo ya nazi, kesho na mihogo, yanayobaki yanaliwa na chapati. Gesi inakaa kweli. Na aliyesema turudie bada, ule ugali wa muhogo, Mungu ambariki! Unga wa makopa (muhogo mkavu) tunanunua soko la Mgandini, na ukipata dagaa wa kukaanga na kachumbari ya embe bichi, hakuna anayeulizia wali. Samaki mkubwa tumemwachia Ijumaa, siku nyingine ni vibua. Matembele nimepanda uani.

Kuhusu kuongeza rejesho, mume wangu alikwenda benki kwanza. Riba yetu inahesabiwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki, kwa hiyo kila nyongeza inayoingia kwenye deni la msingi (pesa yenyewe tuliyokopa, bila riba) inapunguza riba ya miezi inayofuata. Tuliandika barua kabisa, nyongeza isihesabiwe kuwa rejesho la mwezi ujao. Wenye mkopo, someni mkataba kama kuna tozo ya kulipa mapema. Wetu hauna, nikashukuru sana.

Mama mkwe tu ndiye hajakubali chai ya rangi. Yeye ni mtu mzima, maziwa yake tunamnunulia.