Nimepata 175 lakini pete haikufunga

Binti_wa_Umoja
Hamjambo wanakemia. Niko mwaka wa pili wa uzamili hapa Nairobi, na hili limenikwamisha wiki 3. Nataka indolini, ile pete ya naitrojeni yenye pembe 5 iliyoungana na ya benzini. Nilianza na anilini (benzini iliyoshika naitrojeni) yenye bromini jirani na naitrojeni. Naitrojeni yenyewe imebeba asetili na alili, mkono wa kaboni 3 wenye kifungo maradufu. Nikamwaga haidridi ya tributilibati yote pamoja na AIBN, kianzishi cha radikali, kwenye toluini, nikachemsha saa 4. Mashine ya masi ikasoma 175, uzito wa molekuli niliyoitaka, nikashangilia. Kesho yake NMR, mashine inayoonyesha atomu zilivyopangwa, ikanionyesha vilele vya alili palepale, kati ya ppm 5 na 6. Bromini imeng'oka, pete haipo. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Maabara
Pole binti yangu. Hiyo 175 huwadanganya wengi: kilichofunga na kisichofunga vina atomu zilezile, mpangilio tu ndio tofauti.

Kosa ni kumwaga bati lote mara moja. Bromini iking'oka, radikali inayobaki (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza) ama huigeukia alili ikafunga pete, ama hunyakua haidrojeni ya bati. Kufunga ni mambo ya ndani ya molekuli, hakungoji mgeni. Kunyakua hutegemea bati lililopo, basi lipunguze. Litie tone kwa tone kwa saa 5 au 6, na anilini yako iwe molari 0.02 au chini. Kwanza pitisha naitrojeni nusu saa, maana oksijeni humeza radikali.

AIBN nayo iende pamoja na matone. Toluini huchemka kwa digrii 110. Hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hupungua digrii kadhaa, lakini hata hapo nusu ya AIBN huisha kwa dakika chache. Ukiitia yote mwanzoni, bati la baadaye halina wa kuliamsha.

Kemia_Ngara
Dada, kama huna pampu ya sirinji, tumia faneli ya matone. Mimi nilikaa na yangu toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa, nikihesabu. Halafu bati ni sumu, na hung'ang'ania bidhaa. Safisha kwa safu ya silika iliyochanganywa na asilimia 10 ya kaboneti ya potasiamu, hulishika vizuri.

Binti_wa_Umoja
Nimerudia, na asanteni sana. Kati ya 5 na 6 sasa ni peupe, na pale 1.3 pamesimama vilele viwili pacha: methili (kaboni 1 na haidrojeni 3) kwenye nafasi ya tatu ya pete, yaani imefunga! Bati bado limejaa kuanzia 0.9 hadi 1.6. Kesho silika.