Redio ya intaneti ya kujitengenezea: bodi gani inafaa kwa moto (umeme) wa Lubumbashi?

Kasapa_umeme

Jambo wandugu. Baba anapenda Radio Okapi na RFI Kiswahili, na mimi nina diski ya USB iliyojaa muziki wa zamani wa huku Katanga. Nataka vyote vitoke katika kisanduku kimoja chenye kitufe cha kuzungusha, asihitaji kuomba simu ya mtu. Tuko Katuba. Moto unaondoka bila kuaga, na mega za intaneti tunanunua kwa kupima.

Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ya bodi moja iliyotoka 2021, ni ndogo na haili moto mwingi. RAM (memori) yake ni 512 MB, inatosha kwa sauti, ila haina tundu la spika. Pi 3B ya 2016 ina tundu la 3.5 mm, USB nne na GB 1 ya RAM. Kuna mtu ananiuzia moja ya mtumba. Pi 5 nimeiondoa: nayo haina tundu la sauti, na inataka chaja ya 5 V yenye 5 A ili itoe nguvu zake zote. Halafu kuna ESP32, kichipu chenye wifi, ya bei ndogo kuliko zote. Ninyi mngechukua ipi?

Fundi_Kamalondo

Kadogo, usianze na nguvu ya bodi. Kucheza redio ni kazi nyepesi, zote hizo zinaiweza. Uliza kwanza: moto ukikatika katikati ya wimbo, kisanduku kitaamka salama? Linux, mfumo unaoendesha Raspberry, inaandika kwenye kadi ya SD hata wakati wewe hufanyi kitu. Ikikatwa inapoandika, faili zinavunjika, na iko siku bodi haitawaka tena. Hapo Zero 2 W na 3B ni sawasawa. Kinacholeta tofauti ni programu.

piCorePlayer, mfumo wa kucheza muziki, inajipakia yote kwenye RAM inapowaka, kisha haigusi kadi mpaka wewe mwenyewe uiamuru kuhifadhi. Unachomoa waya wakati wowote. Ila redio zake zinaongozwa na Lyrion Music Server, ile iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server, na ukiiweka kwenye bodi yenye 512 MB pamoja na muziki mwingi, kupanga orodha kutachukua muda. moOde na Volumio zinapendeza zaidi kwenye kioo cha simu, na chini yake zote mbili zinatumia MPD (programu inayocheza muziki na stesheni), lakini bado zinaandika kwenye kadi.

Mimi ningeweka Raspberry Pi OS Lite, MPD na mpc ya kuiamuru, basi. Ukishapanga stesheni zako na kila kitu kimetulia, ingia raspi-config, programu ya mipangilio, washa Overlay File System. Toka hapo kadi inasomwa tu, haiandikwi. Ukitaka kuongeza stesheni, izime kwanza, la sivyo ukiwasha upya kila ulichobadilisha kimepotea.

Kuhusu sauti, usinunue 3B kwa sababu ya lile tundu. Linavuma, hasa wakati muziki uko chini. Chukua Zero 2 W na kibodi cha sauti cha PCM5102A. Pini zake: BCK inaenda GPIO 18 (pini ya Raspberry), LRCK GPIO 19, DIN GPIO 21, na SCK iunganishe na graundi. Kwenye config.txt andika dtoverlay=hifiberry-dac. Hicho kibodi hakisukumi spika, kwa hiyo ongeza amplifaya ya PAM8403 kwa spika ndogo. Au tumia MAX98357A, ambayo ina amplifaya ndani yake, ila inatoa upande mmoja tu.

Mama_Duka_Kenya

Wanangu, mbona hamtaji simu ya zamani? Dukani kwangu kuna Android yenye kioo kilichopasuka, nimeweka VLC, nimeichomeka kwenye bafle (spika). Moto ukienda, betri iko ndani tayari. Hakuna kulehemu, hakuna kadi ya kuvunjika. Kwa mzee anayetaka habari tu, mimi naona ni njia fupi.

Fundi_Kamalondo

Mama, kwa habari tu nakubali. Lakini simu inayokaa kwenye chaja usiku na mchana, betri yake huvimba, na hilo ni jambo la hatari ndani ya nyumba. Uichomoe kila ikijaa. Na baba wa huyu kijana anataka kitufe cha kushika kwa mkono.

Likasi_mawimbi

Mnazungumza moto tu, na mega je? Piga hesabu. Stesheni ya kbps 128 inakula MB 57.6 kwa saa. Ya kbps 64 ni MB 28.8. Mzee akisikiliza masaa manne kwa siku, mwezi wa siku 30 ni karibu GB 6.9 kwa ile ya kwanza na GB 3.5 kwa ya pili. Maneno ya habari kwa kbps 64 yanasikika vizuri kabisa. Stesheni nyingine zinatoa anwani mbili, ya juu na ya chini; chagua ya chini.

Tena, Radio Okapi iko FM hapo Lubumbashi! Kwa nini kulipia kinachopita bure hewani? Ongeza kimoduli cha redio cha TEA5767. Kinaongozwa na bodi hiyohiyo kupitia I2C (nyaya mbili za mawasiliano), na kinashika FM yote mpaka 108 MHz. Ujue tu kwamba sauti yake haipiti ndani ya Raspberry: inatoka analogi, kwa hiyo weka swichi kabla ya amplifaya, upande mmoja FM, upande mwingine PCM5102A. Mtandao ukianguka, mzee anageuza swichi na habari inaendelea. Kwangu hiki ndicho kipande muhimu kuliko vyote, maana siku mambo yanapoharibika mjini ndiyo siku watu wanahitaji redio.

Kwa vipindi vya RFI ambavyo vinapatikana kama podikasti, vipakue mara moja usiku kama forfe yako (kifurushi cha mega) ina masaa ya usiku. Atasikiliza asubuhi bila kula mega mpya.

Na kama nyumbani mko wengi, MPD ina njia ya kutolea sauti inayoitwa httpd. Bodi inavuta stesheni mara moja kutoka nje, simu zote za nyumbani zinasikiliza kupitia wifi yenu. Mega inaliwa mara moja tu.

Dada_Polytech

Yaya Likasi amesema vema. Mimi natetea ESP32 kidogo: inaamka kwa sekunde chache, na haina Linux ya kuvunjika. Kwa stesheni tano sita inatosha. Inapochoka ni kwenye anwani za https, kwa sababu memori yake ni ndogo, 520 KB za ndani tu. Na diski iliyojaa muziki, sahau. Kwa hiyo Kasapa, kwa mahitaji yako Zero 2 W inashinda.

Moto wake sasa. Usitegemee powa banki bila kuijaribu: nyingi zinakata kidogo zinapohama kutoka chaja kwenda betri, na bodi inajizima. Kama mna betri ya 12 V ya sola, tumia hiyo na kishusha volti cha LM2596 kilichopangwa 5 V. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka bodi! Hata kabetri ka 7 Ah kana Wh 84. Ukitumia nusu tu ili kasife mapema, unapata 42. Kisanduku kikila wati tatu pamoja na spika, ni masaa 14 au karibu, ukitoa kile kishusha volti kinachokula.

Kasapa_umeme

Aksanti sana wote. Nimekata: Zero 2 W, PCM5102A, MPD yenye kadi ya kusomwa tu, TEA5767 na swichi yake. Betri ya sola tunayo. Swali la diski: ni ya kuzunguka, ya inchi 2.5. Zero itaibeba?

Dada_Polytech

Usiijaribu moja kwa moja. Inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampea nzima, na Zero ina tundu moja tu la USB la data, dogo. Hamishia muziki kwenye kle USB (flashi), tumia adapta ya OTG. Haina kinachozunguka, na inakula kidogo.

Fundi_Kamalondo

Jambo la mwisho, la saa. Zero haina saa ya ndani. Ikiwa kadi ni ya kusomwa tu, kila ikiwaka inarudi tarehe ya siku ulipoifunga, mpaka mtandao uisahihishe. Ukitaka ijiwashe kwenye habari za asubuhi hata bila mtandao, ongeza kimoduli cha saa cha DS3231 na kabetri kake. Inakaa kwenye nyaya zilezile za I2C za TEA5767, anwani zao hazigongani. Na kwenye mipangilio chagua Africa/Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa, mzee atakosa habari kwa saa nzima.