Kifungu cha 34 kikilegezwa, misitu ya umma Kenya itachimbwa madini?

Mlinzi_wa_Kaya:
Habari zenu wanajukwaa. Mjadala wa kurekebisha kifungu cha 34 cha Sheria ya Misitu ya 2016, ili mipaka ya misitu ya umma ibadilishwe kwa urahisi, haujawahi kuisha. Naomba wanaoifahamu waeleze: mtu akitaka madini yaliyo ndani ya msitu uliotangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, anapitia wapi? Na jamii inayopinga ishike wapi kabla tingatinga hazijafika?

Sheria_Pwani:
Kuna milango miwili, na watu huichanganya.

Wa kwanza ni idhini. Msitu unabaki msitu, ila Shirika la Huduma za Misitu, KFS, linaruhusu uchimbaji ndani yake. Leseni ya Wizara ya Madini peke yake haitoshi. Lazima pia kuwe na tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na eneo lenye spishi adimu au zilizo hatarini halipaswi kupewa idhini.

Mlango wa pili ni kukimega kipande cha msitu, na ndio unaonitia hofu. Kifungu cha 34 kinamruhusu yeyote kupeleka ombi Bungeni ili mipaka ibadilishwe. Mwombaji ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba spishi adimu hazitahatarishwa na vyanzo vya maji havitaharibika, na ombi linahitaji kwanza pendekezo la KFS. Mswada wa marekebisho wa 2021 ulilenga kuliondoa sharti hilo la pendekezo. Haukuwa sheria, lakini ukitokea mwingine, anza kusoma hapo. Usitafute neno "madini" ndani yake, huenda usilione. Kipande kikishaondolewa kwenye orodha ya misitu, KFS haina tena idhini ya kutoa wala kunyima.

Jiwe_Adimu:
Naongezea mfano wa kilima cha Mrima, Kwale, chenye niobiamu (metali ya kuimarisha chuma) na madini adimu. Kilima kile ni msitu wa hifadhi, hifadhi ya mazingira asilia na pia turathi ya kitaifa. Kampuni ya Cortec ilipata leseni Machi 2013, ikafutwa mwaka huohuo, nayo ikaishtaki Kenya mbele ya ICSID, jopo la kimataifa la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Uamuzi wa Oktoba 2018 ulisema leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa tathmini ya mazingira na idhini za maeneo yaliyolindwa hazikuwepo. Dai likatupwa. Yale masharti ambayo wengine huyaita urasimu ndiyo yaliyoiokoa hazina ya taifa. Mbunge anayetaka kuyapunguza aulizwe kuhusu hilo hadharani.

Mpima_Ramani:
Kosa ninaloliona sana kwenye pingamizi ni mipaka. Tangazo la gazeti la serikali hutaja namba ya ramani ya mipaka ya msitu. Itafuteni hiyo, msitegemee mchoro wa mtandaoni. Kisha linganisheni na vitalu vya leseni kwenye mfumo wa Wizara ya Madini. Angalizo: ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu na GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Msipobadilisha mfumo, pointi zinahama kama mita 300, na wakili wa upande wa pili atazitumia kuangusha hoja yenu yote. Kagueni pia kama tathmini imehesabu barabara ya kuingilia na bwawa la mabaki ya madini. Mara nyingi shimo tu ndilo linalopimwa.

Mlinzi_wa_Kaya:
Shukrani sana. Na muda je?

Sheria_Pwani:
Kwa mswada, andikeni maoni kwa Karani wa Bunge kabla ya tarehe iliyotangazwa. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lishirikishe umma. Tajeni kifungu kwa kifungu na mpendekeze maneno mbadala. Barua ya "tunapinga" pekee haiwapi wanakamati cha kufanyia kazi.

Kwa leseni ya NEMA, rufaa kwenye jopo la mazingira, NET, ni ndani ya siku 60, na kuomba kuongezewa siku hizo ni kujidanganya. Mkichelewa, bado kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi: Ibara ya 70 haimtaki mlalamishi athibitishe kwamba yeye binafsi ameumia. Mkifungua kesi, ombeni amri ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo. Mti ukishakatwa hakuna hukumu itakayourudisha.