Triumph ya 1967 inavuja oili: sahani ya kiwandani, kutoboa, au vali ya ulimi?

Mvushaji wa Likoni: Ndugu zanguni, nina pikipiki ya Triumph, Bonneville T120 ya cc 650. Gasketi nimebadilisha mara mbili, na bado kila nikishuka feri naacha kidimbwi. Jana makanga kanambia, "Yakhe, pikipiki yako yakojoa." Fundi wangu asema injini haina pa kupumulia. Niiache ilipo ile sahani ya kiwandani inayozunguka mwisho wa kemshafti (mhimili unaosukuma vali) na kutoa pumzi, nitoboe kasha la krenki kama za 1970, au niweke vali ya ulimi kwenye mpira wa pumzi?

Fundi Changamwe: Fundi wako kasema kweli. Pistoni za injini hiyo hupanda na kushuka pamoja, hazipokezani. Zikishuka, hewa yote ya cc 650 husukumwa kwenye kasha la krenki kwa mpigo mmoja. Mizunguko 3000 kwa dakika ni mara 50 kila sekunde! Ikikosa mlango, inapitia gasketi. Mimi ni mtu wa vali ya ulimi: kibati chembamba, hewa ikitoka kinainuka, ikitaka kurudi kinalala. Ila ifunge karibu na injini. Ukiiweka mwisho wa mpira wa mita nzima, hewa iliyomo mpirani itabanwa na kuachiwa tu, na vali isifanye kazi.

Ringi Kwanza: Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa injini. Ringi za pistoni zikiwa zimekwisha, hakuna mpira utakaokusaidia.

Babu Kibokoni: Vijana mnapenda kununua. Sahani hiyo nayo ni vali, hufunguka pistoni zikishuka. Tazama kama imelika au springi imechoka. Halafu mpira wenyewe umeuchungulia? Likoni hadi mjini ni safari fupi, injini haipati moto wa kukausha maji, na unyevu wetu huu mwaujua. Yale maji hukorogeka na oili yakawa meupe kama tui zito, yakaziba.

Nilitoboa: Yangu nilifanya kwa mtindo wa 1970: nikatoa sili ya krenki upande wa cheni ya klachi, nikatoboa matundu matatu kwenye ukuta wa kasha la krenki, pumzi ikatokea nyuma ya kasha la cheni kwa mpira mnene. Kasha ni pana, oili inatua humo na kurudi. Haivuji. Lakini klachi sasa inakunywa oili ya injini, na chuma kikishatobolewa ndiyo basi.

Fundi Changamwe: Na vali ya pumzi ya gari usiiguse. Niliijaribu, ni nzito, haiwahi mapigo.

Mvushaji wa Likoni: Nimevua mpira. Tui tupu, Babu! Nausafisha, kisha niende safari ndefu, Mtwapa na kurudi, injini ipate moto vizuri. Changamwe, hiyo vali niwekee, usiiuze bado.