Kadi "inapita dunia nzima", kumbe inapita na mshahara wangu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye chai avute kiti. Benki siitaji jina, si kwa hofu, ila bado wameshikilia hela yangu na sitaki kuwapa sababu ya kuchelewa zaidi.

Tulikwenda Dubai mimi, mama watoto na vijana wetu wawili. Usiku tano. Tulijichanga karibu miaka miwili, hatukukopa kwa mtu. Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda tawini, nikapanga foleni kama raia mwema, nikamwambia dada wa dawati la wateja: nasafiri, nataka uhakika wa kadi. Akanijazisha fomu ya tarehe za safari, nikasaini. Nikamuuliza, makato yakoje huko? Akatabasamu. "Kaka, kadi yako inapita dunia nzima, popote ukiona hiyo alama." Niliuliza makato, nikajibiwa alama. Na mimi kwa ujinga wangu nikaridhika, nikaweka milioni tatu na laki nne kwenye akaunti, na dola 600 taslimu mfukoni za dharura.

Tuanze na hoteli. Tumefika saa nane usiku, watoto wanasinzia juu ya mabegi. Chumba nimeshakilipia tangu nyumbani. Kijana wa mapokezi anasema kuna dhamana, dirhamu (hela yao ya kule) 200 kwa kila usiku, jumla 1,000, kadi tafadhali. Pia kuna ushuru wa utalii, dirhamu 10 kwa usiku. Huo ushuru sina ugomvi nao, ni sheria yao tangu 2014, unaanzia 7 hadi 20 kwa chumba kulingana na daraja la hoteli. Ugomvi wangu ni ile dhamana. Nikachomeka kadi, nikabonyeza namba ya siri, nikaenda kulala.

Asubuhi naangalia salio, laki sita na themanini na ushee hazipo. Mwenye kadi ya mkopo akizuiliwa dhamana, inayozuiliwa ni hela ya benki. Sisi wa kadi ya akaunti ya kawaida inayozuiliwa ni hela yetu wenyewe, ile ya kula kesho. Hoteli wanasema hawajachukua, wamezuia tu. Benki wanasema wao hawawezi kuachia hadi hoteli waachie. Siku ya kuondoka hoteli wakanionyesha karatasi kwamba wameachia. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Tawini naambiwa "iko kwa mfanyabiashara". Mfanyabiashara, yaani hoteli, anasema iko benki. Kwa hiyo iko wapi, angani?

Sasa sikieni kinachoniuma. Siku hiyo ya kuondoka, mbele yangu pale mapokezi alikuwepo mama mmoja wa Kampala, mfanyabiashara wa nguo, anaonekana mwenyeji wa safari hizi. Yeye dhamana alikuwa ameweka taslimu. Wamekagua chumba, wakamhesabia noti zake hapohapo, dakika mbili, amefunga pochi kaondoka. Kumbe inawezekana kuweka taslimu! Nani aliniambia? Dada wa alama hakuniambia.

Haya, twende kwenye chakula. Usiku wa pili tumekula mahali pazuri kidogo, bili dirhamu 420. Mhudumu kaleta mashine ya kadi, kwenye kioo kuna vitufe viwili, kimoja kimeandikwa dirhamu na kingine shilingi ya Tanzania. Wakuu, mtu uko ugenini, umechoka kupiga hesabu, unaona TZS kwenye kioo cha watu. Moyo unalainika kabisa. Unajiona umekumbukwa. Nikabonyeza shilingi. Risiti 308,700.

Kesho yake nikatoa hela kwenye ATM. Nilitoa dirhamu 500. Mashine nayo ikauliza swali lilelile kwa maneno ya kuzungukazunguka, unakubali kiwango chetu au hukubali, na ukisoma haraka unadhani ukikataa muamala utakufa. Nikakubali. Ujumbe wa benki: 397,875. Nilichoshika mkononi kwa bei ya siku ile ni kama 340,000. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi napigwa, ila sijui napigwa na nani.

Aliyenifungua macho ni babu mmoja mitaa ya Naif, kule Deira. Ana kaduka ka viungo na udi. Anatusikia tunabishana na mama watoto kuhusu hela, akajibu yeye, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Mwomani, kazaliwa Malindi ya Unguja, kaondoka kijana. Katukalisha, katutilia kahawa, kaomba risiti. Kaivaa miwani, kaitazama, kacheka hadi kakohoa.

"Mwanangu, hapa umetozwa shilingi ngapi kwa dirhamu moja?"

Nikapiga hesabu kwenye simu. 735.

"Na leo ni ngapi?"

Nikatafuta. Kama 680.

"Basi huyo hakukukumbuka, kakulia. Dirhamu hii imefungwa kwa dola, tatu nukta sita saba, toka mwaka tisini na saba haijasogea hata chembe. Hapa hakuna cha soko limepanda, limeshuka. Mtu akikupa hesabu nyengine, ujue kajikatia chake. Wewe ukiulizwa, sema dirhamu. Ukiulizwa tena, sema dirhamu. Akikukazania, mwambie akuvunjie risiti aanze upya."

Ndugu zangu, somo lote ni hilo na nililipata bure kwa muuza mdalasini. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni mwenye ile mashine, kwa kiwango anachojipangia mwenyewe. Ukichagua dirhamu, inabadilishwa na mtandao wa kadi, wale wenye ile alama, pamoja na benki yako. Haimaanishi benki yako ina huruma. Nilipoanza kuchagua dirhamu ilikuwa inanihesabia kama 706, nayo ni juu ya 680. Lakini 706 na 735 si ndugu. Kwenye zile 420 peke yake ni zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili, wali wa watoto huo.

Na ile ATM, nilikaa kitandani nikaichambua kama mwalimu wa hesabu. Mwenye mashine alichukua dirhamu 25 ya kutumia mashine yake. Kisha akazibadilisha zote 525 kwa 735. Kisha benki yangu ikaweka 12,000 ya kutoa hela nje ya nchi. Wamekula mara tatu kwenye sahani moja, na aliyebeba sahani ni mimi. Ukitaka kutoa, toa mara moja kiasi kikubwa, usitoe mia mbili mia mbili kama unatoa kwa wakala wa mtaani, maana ile 25 na ile 12,000 hazijali umetoa ngapi.

Tumalizie na kituko chenyewe. Watoto nimewaahidi Burj Khalifa, lile ghorofa refu la Dubai. Mita 828, wameiona kwenye simu mwaka mzima. Tiketi nanunua mtandaoni, nimejaza kila kitu, ikaja sehemu ya kuweka namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Inatumwa wapi? Kwenye laini yangu ya Tanzania. Laini yangu ya Tanzania haishiki Dubai kwa sababu sikuifungulia huduma ya nje. Fomu ya safari niliyosaini tawini ina nafasi ya pasipoti, nchi, tarehe, hadi sababu ya safari. Haina mstari hata mmoja unaosema "fungulia laini yako la sivyo hutanunua kitu mtandaoni". Nikajaribu mara ya pili, ya tatu. Kadi ikafungwa. Ijumaa, saa tatu usiku.

Nikageuza kadi nyuma kuna namba ya msaada. Inaanza na 0800. Namba ya bure. Wakuu, namba ya 0800 haipigiki ukiwa nje ya Tanzania! Kadi inayopita dunia nzima ina namba ya msaada isiyovuka Kigamboni! Nikaandika barua pepe. Jibu likaja Jumatatu, neno kwa neno: "Tafadhali tembelea tawi letu lililo karibu nawe." Lililo karibu nami liko ng'ambo ya bahari.

Siku mbili za mwisho tuliishi kwa zile dola. Nazo zina hadithi yake. Usiku wa kufika nilibadilisha 100 palepale uwanja wa ndege nikapewa 345, wakati Deira madirisha ya kubadilishia fedha yanatoa 366. Kwa noti moja tu nimeacha dirhamu 21. Na kwa kuwa dirhamu imefungwa, huna hata pa kusingizia, unajua kabisa umeliwa ngapi. Kadi ya treni, ile Nol ya rangi ya fedha, dirhamu 25 na ndani unakuta 19 za kusafiria, hapo hakuna ujanja. Abra, yaani boti ya kuvuka Creek, ule mkono wa bahari wa pale mjini, dirhamu moja, taslimu, na kwa kweli katika safari nzima ile dirhamu moja ndiyo pekee niliyotoa bila kinyongo. Watoto walivuka mara nne.

NYONGEZA 1: Naona wengi mnasema "ungebeba cash tu, mkuu". Sawa. Lakini hizo dola 600 nilinunua kwenye duka la kubadilisha fedha hapa mjini, na risiti nikapewa. Nikiwa dirishani nikaona mbili ni noti za zamani. Nikamuuliza kijana, hizi nikirudi nazo utazipokea? Akasema hapana, sisi za mwaka huo hatupokei. Yaani ananiuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hakitaki! Wamarekani wenyewe hawajawahi kuzifuta noti zao, dola mia ya zamani na ile ya bluu iliyoanza 2013 zina thamani ileile. Ubaguzi wa noti ni wetu sisi na wenye madirisha. Nilikomaa hadi akanibadilishia. Anayebeba taslimu asiondoke dirishani kabla hajageuza kila noti, mhuri, mchaniko, mwaka. Na asibebe zote kwenye begi moja.

NYONGEZA 2: Kwa aliyesema mimi mshamba wa kadi. Nakubali. Nimetumia kadi miaka kumi na moja, kwenye ATM ya mtaani kwetu na supamaketi. Lakini mshamba ana haki ya kuambiwa bei kabla ya kukatwa. Kuna kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, zinataka ada zielezwe wazi. Mimi niliuliza kwa mdomo wangu, tena nimekaa kwenye kiti chao. Nimeshapeleka lalamiko la maandishi tawini, nakala imegongwa mhuri, kwa sababu Benki Kuu hawakupokei kabla hujaanzia kwa benki yako.

NYONGEZA 3: Leo asubuhi umeingia ujumbe. Nikajua laki sita na themanini zimerudi, nikasimamisha hadi bodaboda nisome vizuri. "Ndugu mteja, unapanga safari? Tumia kadi yetu popote duniani." Wametuma kwenye laini ileile.

Sasa ninachoomba kwenu: kuna aliyewahi kuzuiliwa dhamana ya hoteli kwenye kadi ya akaunti ya shilingi ikarudi? Ilichukua siku ngapi, na benki walikudai karatasi gani kutoka hotelini? Ninayo ile ya kuachia, ina tarehe na namba ya muamala, lakini tawini wanasema haitoshi na hawasemi itakayotosha ni ipi.